Lami Haijengwi kwa Kukata Utepe

Watu wangu, leo naongea na uchungu.

Barabara ya kwetu imezinduliwa mara mbili. Mahema, ngoma, hotuba ndefu. Tingatinga zikaja, zikameza kipande cha shamba la mama, halafu siku moja zikapotea. Ati mkandarasi hajalipwa. Mvua ikinyesha, boda haifiki. Jua likiwaka, tunakula vumbi. Fidia? Mama bado anangoja.

Shida si wahandisi, tunao. Shida ni kuanzisha miradi mingi kuliko pesa zilizopo. Mkandarasi asipolipwa, mashine zinalala, deni linazaa riba, bei ya vifaa inapanda. Barabara inakuwa ghali kabla hujaona lami.

Na bili inarudi kwetu. Mwaka wa 2024, ushuru wa matengenezo ya barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta. Kisha serikali ikaamua shilingi 7 kati ya hizo zitumike kukopa shilingi bilioni 175 za kulipa wakandarasi. Yaani pesa za kuziba mashimo ya kesho zinalipa madeni ya jana. Mama hana gari, lakini analipa kwa nauli ya kupeleka mboga sokoni.

Naomba mawili tu. Malizeni moja kabla ya kuzindua nyingine. Na mwenye shamba alipwe kwanza. Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka fidia kamili, tena bila kuchelewa.

Kwenu je, imezinduliwa mara ngapi?