Nilivyotafsiri vibaya

Jameni, leo nakiri kosa. Mimi hutafsiri kliniki hapa Nakivale. Alikuja daktari anayesomea magonjwa ya akili ya watoto. Udaktari miaka 5, mazoezi ya hospitali 1, magonjwa ya akili 3, na bado yuko anasoma!

Tulimwona mtoto aliyeacha kuongea tangu wakimbie Rutshuru. Mama yake akasema, "Ana mapepo." Nikaona aibu, nikatafsiri, "Ana huzuni."

Baadaye nikamwambia daktari ukweli. Hakukasirika. "Hata mimi nilipoanza nilikimbilia jina la ugonjwa. Walimu wakanifundisha kusikiliza mzazi kwanza. Turudi."

Tukarudi. Mama akaongea saa nzima. Mtoto bado haongei, ila sasa anatuchorea nyumba yao.

Wenzangu watafsiri, tusipunguze maneno ya mama zetu.