Tone Moja Jichoni

Usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, lilipoungua, nilikuwa nimelala kwangu Mbagala. Simu iliita mara ya kwanza nikaiacha. Ilipoita mara ya tatu nikajua si heri. Nilifika kabla hakujapambazuka, nikasimama na wenzangu mahali askari walipotuzuia, tukiangalia moshi unavyotoka penye riziki zetu. Nilikuwa na kibanda cha pembejeo humo: mbegu, dawa za mifugo, na jokofu dogo la chanjo. Mzigo karibu wote ulikuwa wa mkopo.

Mwezi wa tisa tukapanda basi la Singida, mimi, mke wangu, watoto wawili na mabegi matatu. Kwetu ni Ikungi, njia ya kwenda Manyoni. Baba yangu alikwisha kufariki. Aliyetupokea ni shangazi, dada yake baba, mjane aliyekwisha kupita miaka sabini. Alitupa chumba, akatupikia ugali wa mtama na mlenda, hakuuliza tutakaa mpaka lini. Siku ya tatu, alfajiri, nikampa shikamoo uani, naye akaniwekea kuku mikononi.

"Mshike, mwanangu."

Nilimshika kwa mabawa, kama wanavyoshikwa sokoni. Shangazi akatikisa kichwa. Akanigeuza kiganja, akakipitisha chini ya kidari cha kuku, miguu ikatulia katikati ya vidole vyangu. "Sasa sikiliza kwa mkono." Mfupa wa kidari ukichoma kiganja kama mgongo wa kisu, kuku amekonda, hata kama manyoya yanakupendeza. Gole lijae jioni, na alfajiri liwe tupu. Ukilikuta gumu asubuhi, kuna kitu hakishuki. Tazama upanga kama una damu. Inua mkia uone kama nyuma ni pasafi. Hayo yote aliyafanya kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, gizani, kabla ya kufungua banda.

Miaka sita nilikuwa nimewauzia watu dawa za kuku. Nilijua majina yote na vipimo vyote, gramu ngapi kwa lita ngapi za maji. Mteja akinieleza kuku wake anakoroma, nilimjibu papo hapo. Lakini kuku mgonjwa sikuwahi kumshika, hata mmoja. Niliwafikiria wale waliokuja kutoka Mkuranga na Chalinze na nauli yao ya mwisho, wakaniamini. Aibu niliyoiona uani pale ingali nami.

Mke wangu aliuza cherehani yake. Tukanunua mitetea 36 na majogoo manne, nikajenga banda la miti na udongo chini ya mkungugu. Shangazi alinipa masharti mawili tu: kuku mgeni akae peke yake wiki mbili, na chanjo isisubiri. La kwanza nililivunja mnadani, nilipokutana na mitetea watatu wa bei rahisi nikawachanganya na wenzao jioni ileile. La pili nililivunja kwa kusema tutanunua wiki ijayo, tukishauza mayai. Mimi niliyekuwa nikiwaambia watu kila siku kwamba ugonjwa wa mdondo hauna dawa, una chanjo.

Siku ya tano mmoja wa wale wageni alisimama kando, mabawa yameshuka, macho yamefumba. Kinyesi chake kilikuwa cha kijani. Kufika siku ya nane walikuwa wanaanguka asubuhi na jioni. Kuna mtetea mmoja mwekundu simsahau. Shingo ilimpinda mpaka kichwa kikatazama juu. Alikuwa ana njaa, anaona mtama chini, anadonoa, mdomo unaangukia pembeni. Akijaribu tena anazunguka, anakosa. Nilimnywesha maji kwa kijiko cha chai. Alikufa mikononi mwangu kabla ya adhuhuri, nami nikausikia mfupa wa kidari ukinichoma kiganja, kama nilivyofundishwa.

Katika kuku 43 walibaki wanne. Tulichimba shimo refu, tukawachoma, tukafukia. Mke wangu hakunilaumu, na ukimya wake ulinilemea kuliko lawama. Usiku nilipiga magoti na maneno yangu yalikuwa matatu tu: Baba, nimechoka sana.

Alfajiri shangazi akagonga mlango. "Wanne wapo. Amka usafishe banda."

Nilikwangua sakafu, nikachoma matandiko yote, nikapaka chokaa kuta, na banda likakaa tupu wakati wale wanne wakilala jikoni kwake. Baadaye akanipa mitetea watatu kwa mgao, vifaranga nusu vyake, nusu vyangu. Ni utaratibu wa zamani. Umewainua wengi wasio na mtaji, na mimi ni mmoja wao.

Kabla ya kuatamisha hata yai moja, nilikwenda mjini Singida na fedha ya mwisho kununua chupa ya chanjo ya I-2, ile inayotengenezwa Kibaha. Nyingine nilizokuwa nikiuza zilitaka barafu mpaka mlangoni kwa mfugaji. Hii inavumilia joto kidogo. Niliifunga kwa kitambaa kibichi, nikaiweka ndani ya kikapu mbali na jua. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko niliokuwa nao, na kuku wa kijijini hawajui mpaka: wa jirani akiugua, wangu ameugua. Basi nikaanza kupita nyumba kwa nyumba saa kumi na moja alfajiri, mabanda yangali yamefungwa. Wengine walichanga shilingi mia mia, wengine hawakuwa nazo, nikawachanjia hivyo hivyo. Nyumba mbili walinikatalia, wakasema kuku wa jirani walikufa baada ya kuchanjwa. Niliwaelewa: ukimchanja aliyekwisha kuambukizwa, atakufa tu, na chanjo itabeba lawama. Niliwarudia mara tatu.

Unamlaza kuku ubavu, jicho moja juu. Unasogeza chupa karibu bila kuligusa jicho, unabonyeza, tone linakaa juu ya mboni kama umande. Hapo usiwe na haraka. Subiri apepese, tone lipotee, ndipo umwachie. Miezi mitatu ikipita, unarudia. Wakati wa kibandani nilikuwa nikiyasema hayo kwa sentensi moja huku nikirudisha chenji.

Mitetea waliatamia mayai kumi na mawili kila mmoja, siku moja, ili vifaranga vitoke pamoja na malezi yawe mamoja. Siku ya saba usiku nilimulika mayai kwa tochi ya simu. Yenye uhai yalionyesha mishipa kama mizizi myembamba, yaliyokuwa meupe nikayatoa. Siku ya 21 vilianza kulia ndani ya maganda. Chakula cha dukani sikukiweza, hivyo shangazi akanionyesha kutega mchwa: chungu kimejazwa magunzi na samadi kavu, kimenyunyiziwa maji, kimefunikwa juu ya tundu la kichuguu jioni. Asubuhi unakifunua, kimejaa. Mashudu ya alizeti Singida si shida, pumba zipo. Mwewe alinichukulia vifaranga saba nilipochelewa kusuka matenga ya kuvifunika.

Mbuzi walifuata mwaka uliofuata, wawili tu. Mmoja alishindwa kuzaa usiku wa mvua, na mkono wangu, uliopakwa mafuta ya kula, ukatafuta gizani miguu miwili na pua. Nilikuta mguu mmoja. Shangazi alishika taa, akaniambia nirudishe taratibu, nitafute wa pili, nivute mama anaposukuma, akipumzika nami nipumzike. Mwanambuzi yule ni jike, sasa ana wanawe.

Mkopo wa Kariakoo niliumaliza mwaka 2024. Cherehani mpya ipo sebuleni. Wachuuzi wanaopeleka kuku Shekilango wanasimamisha gari kwetu, na nikiwauliza hali ya Dar es Salaam wananiuliza nitarudi lini. Sirudi. Ninasema hivyo kwa shukrani.

Kesho ni zamu ya chanjo. Macho ya shangazi yameingiwa na ukungu, haoni tone wala jicho. Binti yangu ndiye anayelaza kuku, mimi ninadondosha, kisha kila kuku anapitia kwa shangazi aliyekaa kwenye kigoda mlangoni. Anaweka kiganja chini ya kidari, anakaa kimya kidogo, anamwachia. Mara ya mwisho alimzuia mmoja ambaye mimi sikuwa nimeona kitu.

"Huyu mtenge," alisema. "Hajala tangu jana."

Nikashika gole. Lilikuwa tupu, na jua lilikuwa linazama.