Daktari Aliyewasadiki Wenyeji

Jumapili moja jioni binti yangu, aliye Gredi ya 5, alinijia na daftari. "Mama, nani aligundua maporomoko ya maji ya Nyahururu?"

Nikamjibu kwamba ni Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1883.

"Kwani watu walioishi hapo hawakuwa wameyaona?"

Nilicheka, mpenzi msomaji, lakini jibu sikuwa nalo. Usiku nikamkumbuka Mskoti mwingine, John Rae, ambaye shuleni hatukufunzwa habari zake.

Rae alizaliwa mwaka 1813, mwaka mmoja na Livingstone, katika visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti. Alisomea udaktari Edinburgh, kisha akaajiriwa na kampuni ya biashara ya ngozi za wanyama huko Kanada. Wakati huo wapelelezi wengi wa Kiingereza walikwenda Aktiki kwa meli kubwa zilizosheheni vyakula vya mikebe. Rae alikwenda kwa miguu na watu wachache. Wenyeji, yaani Wainuit, walimfunza kujenga nyumba ya theluji, naye akawinda chakula chake mwenyewe. Wakubwa wengine waliona ni aibu muungwana kuishi hivyo.

Mwaka 1845 Sir John Franklin alikuwa ameondoka Uingereza na meli mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari ya kupita kaskazini mwa Amerika. Watu 129 wakapotelea kwenye barafu. Meli nyingi zilitumwa kuwatafuta bila mafanikio.

Ni Rae aliyepata habari, mwaka 1854, na alizipata kwa kuuliza. Wainuit walimweleza kwamba Wazungu wapatao 40 walikufa njaa, na kwamba mwishowe walikula maiti za wenzao. Wakamuuzia vijiko na uma za fedha zilizokuwa mali ya maofisa wa Franklin.

Rae aliandika yote hayo katika ripoti yake, nayo ikachapishwa magazetini London. Lo! Mjane wa Franklin alighadhabika. Charles Dickens, yule yule wa Oliver Twist, akashika kalamu kudai kwamba maneno ya washenzi hayaaminiki, na huenda ni wao waliowaua mabaharia. Rae aliwatetea Wainuit kwa maandishi. Zawadi ya pauni 10,000 alipewa yeye na watu wake, lakini cheo cha Sir, walichopata wapelelezi wengi wa wakati wake, hakukipata hadi alipofariki mwaka 1893.

Erebus ilipatikana chini ya bahari mwaka 2014, katika eneo ambalo masimulizi ya Wainuit yalikuwa yakilitaja tangu zamani. Mwaka 2024 wanasayansi walitambua taya la nahodha wake, James Fitzjames. Lilikuwa na alama za kisu.

Mwaka huo huo wa 2024 mvua iliingia sebuleni mwa nyumba ya kaka yangu. Nyanya alikuwa amemwonya kabla msingi haujachimbwa kwamba pale ni njia ya maji. Tulimwambia fundi ameshapima. Mimi, mwandishi wa habari ambaye kazi yangu ni kuuliza watu, sikumuuliza Nyanya aliyaona maji hayo mwaka gani.

Binti yangu aliandika "Joseph Thomson" daftarini, akapata alama yake.