Mguu wa Kukanyaga Mafuta

Maumivu yangu yalianzia kiunoni, yakateremka kwenye tako la kulia, nyuma ya paja, mpaka kidole gumba cha mguu. Kwa dereva wa lori, mguu huo ndio kazi yenyewe: unakanyaga mafuta, unashika breki. Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na nikifika mlima Kitonga, pale ambapo kila dereva anauhitaji mguu wake, wangu ulikuwa umeshakufa ganzi.

Miaka ikaenda kwa diklofenaki. Kila mji una duka la dawa, na hukosi mtu wa kukuchoma sindano ya tako ukaendelea na safari. Lakini dawa ile huzunguka mwili mzima. Tumbo na figo navyo hupata sehemu yao. Tumbo langu lilianza kuwaka moto, mgongo haujatulia.

Kipimo cha MRI ndicho kilichotoa jibu. Diski kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno ilikuwa imechomoza, ikabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Daktari akashauri sindano ichomwe karibu kabisa na mshipa huo. Shangazi aliposikia alikataa katakata, kwani mtaani kwetu sindano ya mgongo ndiyo kupooza. Daktari hakumbeza, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alimwambia, "Mama, madhara makubwa yapo, ingawa ni nadra. Ndiyo maana hatuchomi kwa kukisia."

Nililazwa kifudifudi, nikatiwa ganzi. Mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C ilipiga picha papo hapo, na daktari aliisogeza sindano polepole, macho kwenye skrini. Alipofika kwenye tundu ambamo mshipa hutokea, kwanza alitia dawa inayoonekana kwenye picha. Baadaye alinionyesha: ilikuwa imeufuata mshipa kama maji yanavyofuata mfereji. Ingeingia kwenye mshipa wa damu, asingeendelea. Ndipo akatia dawa ya ganzi pamoja na steroidi ya kupunguza uvimbe. Kazi yote haikufika nusu saa.

Jioni ganzi iliisha na maumivu yakarudi vilevile. Niliumia moyo sana. Steroidi, kumbe, huchukua siku kadhaa, na ilipoanza kufanya kazi nililala usiku kucha bila kuamka kutafuta mkao. Nina kisukari, na sukari yangu ilipanda kwa siku kadhaa kama nilivyoonywa. Nikawa napima asubuhi na jioni. Wenzangu wenye kisukari, liulizeni hili mapema. Na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda asimfiche daktari.

Diski yangu bado imechomoza. Sindano haikuirudisha mahali pake. Nilichopata ni miezi ya nafuu, na mtaalamu wa fiziotherapia akaitumia kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, kwa mazoezi ambayo zamani yangeniliza. Siku hizi nikifika Mikumi naegesha lori, nashuka, nanyoosha kiuno hata kama mzigo una haraka, na tajiri wangu ameshazoea. Sindano nyingine daktari hataki kuikimbilia, maana steroidi zikizidi hudhoofisha mifupa. Tumeizungumza, hatujaipanga.