Mibuyu ya Pwani na Mibuyu ya Bara

Mbuyu wa pwani umezoea watu. Ukitoka Mtwapa kwenda Kilifi unaukuta nyuma ya nyumba, kando ya kisima, katikati ya shamba la mahindi, na chini yake pana benchi, bodaboda zinasubiri abiria, mama anakaanga viazi karai. Kwenye magofu ya Jumba la Mtwana na ya Gede umesimama mle mle walimokuwa wakiishi watu. Wazee husema ukiona mbuyu mkubwa karibu na bahari na nyumba hakuna, ujue palikuwa na mji: watu walikula ubuyu wakatema mbegu, mji ukahama, mti ukabaki. Mbuyu wa bara una maisha mengine. Kati ya Mtito Andei na Kibwezi, na upande wa Tanzania kati ya Mikumi na mlima Kitonga, unasimama peke yake kwenye vichaka vya miiba na mawe. Anayeuendea ana haja yake, akiipata anaondoka.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuandika daftari hili, na kadiri nilivyosafiri ndivyo ilivyozidi kugawanyika. Mti ni mmoja, lakini kila nilipofika niliwakuta watu wamechukua kitu kingine mwilini mwake. Huku tunda, kule gome, kwingine majani, asali, au kivuli tu.

Kwa wataalamu wa mimea yote ni Adansonia digitata, jina lililowekwa na Linnaeus mwaka 1759 kumkumbuka Michel Adanson, Mfaransa aliyeukuta mti huu Senegal miaka kumi kabla ya hapo. Jamii za mbuyu duniani ni nane: sita ziko Madagaska peke yake, moja Australia, na moja ndiyo hii yetu iliyoenea Afrika bara. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 unaonyesha kwamba chimbuko la zote ni Madagaska, na mbegu zilivuka bahari zikielea. Ukoo wake ni ule wa pamba, bamia na choya. Aliyewahi kula mboga ya majani machanga ya mbuyu hahitaji kuthibitishiwa undugu huo, maana inateleza kinywani sawasawa na bamia.

Katika Bonde la Mibuyu, kabla hujaanza kupanda Kitonga, nilipita wakati wa kiangazi na milima yote ilikuwa imejaa mibuyu mitupu, haina hata jani moja, wakati ile niliyoiacha pwani bado ilikuwa na majani ya kutosha kumfunika mtu na jua. Pwani ina unyevu na mvua za misimu miwili. Bondeni mti unaweza kukaa uchi zaidi ya nusu ya mwaka. Hata hivyo haulali kabisa. Kwangua gome kidogo kwa ukucha, utaona tabaka la kijani chini yake. Mti unaendelea kujitengenezea chakula kwa shina wakati majani hayapo. Ndani ya shina mbao ni laini mno, imelowa maji, na huwezi kuipasua ubao ukatengeneza hata kigoda. Watu wengi huamini maji hayo ni akiba ya mti ya kunywa wakati wa ukame. Waliopima mibuyu ya Madagaska wamegundua kazi mbili kubwa zaidi: maji ndiyo yanayolishikilia shina hilo laini lisianguke, na ndiyo yanayouwezesha mti kuchipua majani mapya kabla tone la kwanza la mvua halijashuka. Ndiyo maana bondeni unaweza kuona mbuyu umevaa kijani kibichi huku ardhi chini yake ingali vumbi.

Kwenye njia hiyo hiyo, pale Ruaha Mbuyuni, basi likisimama, madirishani panajaa vitunguu na vifuko vya ubuyu. Mama mmoja aliniwekea buyu zima mkononi kabla sijauliza bei. Ganda lake lina manyoya laini ya rangi ya kijani iliyofifia, ukilipapasa ni mahameli, lakini ukilibana sana vinyoya vinakuchoma vidoleni. Alilipiga kwenye jiwe, likapasuka kwa mlio mkavu. Ndani mlikuwa na vipande vyeupe vya unga ulioshikana, vimefungwa kwa nyuzi nyekundu, na kila kipande kimebeba mbegu nyeusi yenye umbo la figo. Hakuna maji hata kidogo. Tunda hili hukauka lenyewe likiwa bado mtini, na ndiyo sababu linakaa miezi bila kuoza.

"Onja, mwanangu," akasema. "Huu haujapikwa. Huu ni wa uji, wa mama mjamzito, na wa mtoto anayeharisha."

Uchachu wake ulinikaza mashavu. Vitamini C iliyomo inazidi ya chungwa mara kadhaa kwa uzito ule ule, na baada ya Umoja wa Ulaya kuuruhusu kama chakula mwaka 2008 na Marekani mwaka uliofuata, unga huo ukaanza kuuzwa huko kwa bei ambayo mama yule asingeisadiki. Kwake mbegu pia hazitupwi. Hukamuliwa mafuta ya kupaka ngozi, na huko Dodoma biashara ya mafuta hayo ni kubwa. Kupaka ni sawa. Kuyala yakiwa mabichi sikushauri, kwa kuwa yana asidi za mafuta ambazo wataalamu wa lishe hutaka ziondolewe kwanza kwa kusafishwa.

Unguja na Mombasa huo uchachu wanautaka, ila wanauvisha. Sukari inachemshwa na maji mpaka inashika, inatiwa rangi nyekundu, iliki, arki, pilipili kwa wanaopenda, kisha ubuyu unamiminwa na kusongwa kwa mwiko haraka haraka kabla shira haijaganda. Mtoto wa shule akinunua kifuko, midomo inamshtaki nyumbani. Ule wa Unguja niliukuta na iliki nyingi zaidi. Wa Mombasa, wanaouita mabuyu, ulikuwa mkali kwa pilipili na nilipewa pamoja na achari ya maembe. Nikiulizwa nichague, nitachukua wa Unguja. Lakini ukweli wa tunda nimeuonja Ruaha.

Ukambani mkono wa mtu uko kwenye gome. Kibwezi niliona shina baada ya shina lenye pete ya makovu, kuanzia magotini mpaka pale mkono wa mtu mzima unapofika ukinyooshwa, na juu ya hapo gome ni laini kabisa. Gome la ndani ndilo lililotoa nyuzi za kamba na za vyondo vya asili. Lilichanwa, likalainishwa hata kwa kutafunwa, likasokotwa juu ya paja mpaka likawa uzi wa kusuka. Mti mwingine ukimenywa gome pande zote unakufa. Mbuyu unaota gome jipya, na baada ya miaka mtu anaweza kurudi kuvuna tena. Katani na nyuzi za dukani zimechukua nafasi hiyo kwa wasukaji wengi, na mzee aliyenitembeza aliniambia vijana wake hawajui hata kisu kinaanzia wapi. Mizinga ya magogo bado imening'inia matawini, na nyuki wake wana kazi.

Sasa linganisha na Tarangire. Huko pia mashina yana makovu, ila hayaishii kimo cha binadamu. Yanapanda juu sana, yamechimbwa kwa ndani, na vipande vya nyuzi vimelala chini. Tembo hung'oa gome kwa meno wakati wa kiangazi, hutafuna nyuzi zenye maji, na wakirudia mti ule ule mwaka hadi mwaka hutoboa shina lote. Mtu wa Kibwezi anachukua anachohitaji kusuka, akaacha mti upone. Tembo mwenye kiu hana subira hiyo. Hata hivyo ni tembo huyo huyo anayemeza mabuyu na kuzisafirisha mbegu, na mbegu iliyopita tumboni mwake huota upesi kuliko iliyoanguka chini ya mama yake.

Karibu na Ziwa Eyasi, katika nchi ya Wahadzabe, shina lina alama ya tatu: vigingi vya mbao vilivyopigwa kimoja juu ya kingine mpaka kwenye tundu la nyuki. Vya zamani vimemezwa na gome, imebaki ncha tu. Kwao mbuyu ni chakula cha kila siku kwa sehemu kubwa ya mwaka, ubuyu wa kukoroga na maji, mbegu za kutwanga, na juu ya yote asali, ambayo mara nyingi hufikiwa kwa kumfuata ndege anayewaita watu kwa mlio mpaka kwenye mzinga wa porini. Kati ya wote niliowatembelea, hawa ndio walionionyesha mti mmoja mmoja na kunieleza unazaa vipi.

Suala la kuzaa limenishughulisha sana, kwa sababu wakulima pwani na bara hutenganisha mbuyu dume na mbuyu jike, na hawasiti kuukata ule dume. Kwa kweli kila ua lina sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike. Jioni moja ya Novemba mwenye shamba mmoja Kilifi aliniruhusu nikae chini ya mti wake. Vitumba vilining'inia kwa vikonyo virefu, na jua lilipozama kimoja kikapasuka, petali tano nyeupe zikajikunja nyuma polepole lakini kwa mwendo unaoonekana kwa macho. Katikati ikabaki duara la mamia ya nyuzi nyeupe zenye chavua. Harufu ni nzito, si ya marashi. Ina uvundo kidogo wa nyama iliyolala. Popo wanaokula matunda walikuja mmoja baada ya mwingine, wakijitupa juu ya ua kwa kifua kizima, wakaondoka na chavua manyoyani. Asubuhi ua lilikuwa limegeuka kahawia na mbuzi wanalila chini. Usiku mmoja tu, basi. Chavua ya mti mwenyewe mara nyingi haiufai, unahitaji ya mti mwingine, kwa hiyo mbuyu ulioachwa peke yake baada ya wenzake kukatwa unaweza kuonekana dume kwa sababu hakuna popo anayeuletea kitu.

Kilifi hiyo hiyo ndipo mwaka 2022 ilipong'olewa mibuyu mikubwa na mizizi yake ili isafirishwe kwenda kupandwa kwenye bustani nchini Georgia, na wenye mashamba wakalipwa. Kelele zikawa nyingi na Rais wa Kenya akaagiza leseni ichunguzwe. Siwalaumu waliouza, mti usiozaa katikati ya shamba la mahindi ni hasara kwa mwenye watoto wa kusomesha. Nauliza tu nani atakuwa na mbuyu baada ya miaka mia.

Nimeukuta pia Oman, huko Dhofar, kwenye bonde la Wadi Hinna si mbali na Mirbat. Mibuyu ya huko imekaa kwenye mteremko unaofunikwa na ukungu na manyunyu ya khareef kati ya Juni na Septemba, na majani yake huja na msimu huo. Familia hutandika mikeka kivulini na kupika chai. Bibi mmoja aliyezaliwa Unguja aliponisikia nikizungumza alinijia moja kwa moja. "Ubuyu umeniletea?" akaniuliza, na tukakaa kuhesabu aina za arki. Kuna wanaosema miti hiyo ilikuja na majahazi. Yeye alisema imekuwapo tangu hapo, na watu wake waliokwenda Afrika waliikuta tu tena.

Swali nililouliza kila mahali ni moja: mibuyu midogo iko wapi? Mwaka 2018 mtafiti Adrian Patrut na wenzake walichapisha kwamba kati ya mibuyu 13 mizee kuliko yote waliyoipima kusini mwa Afrika, 9 imekufa au kuanguka sehemu zake za kale katika miaka 12 tu, na mmoja wao, Panke wa Zimbabwe, ulikuwa na miaka ipatayo 2,450. Mzee akifa, lazima pawepo wa kumrithi. Pwani niliona wazee wengi na watoto wachache sana. Kivulini wamefagia, shambani wamelima, na kilichobaki mbuzi wamekimaliza. Tatizo jingine ni kwamba mche wa mbuyu haufanani na mbuyu. Jani lake la kwanza ni moja zima, halijagawanyika vidole vitano au saba, na anayepalilia anaung'oa bila kujua ameng'oa nini. Methali inasema mbuyu ulianza kama mchicha. Wengi tunaijua methali, mche wenyewe hatujawahi kuuona.

Yule mzee wa Kibwezi anayo miche mingi. Mbegu huzimwagia maji ya moto na kuziacha usiku kucha, kwa kuwa ganda lake ni gumu na bila hivyo zinaweza kukaa ardhini miaka. Huzipanda mvua zikikaribia, na mche ukishatoka huuzungushia matawi ya miiba, akaongeza mengine kila mwaka mpaka mti upite kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Kuzaa utachukua miaka kumi na tano, ishirini, au zaidi. Nilipomuuliza kama atauvuna mwenyewe alinijibu kwamba mibuyu aliyoikuta na kuivuna gome, babu yake hakuipanda, ila aliilinda na mbuzi, na kazi hiyo yeye anaiweza.