Safari ya Nyeri, na Daraja za Skauti

Mwezi uliopita tulisafiri kwenda Nyeri, wazazi wanne na mwalimu mmoja, pamoja na vijana sita wa kikosi cha Skauti. Tulitoka Nairobi alfajiri, tukapita Thika na Karatina, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumefika katika baridi ya mlimani. Lakini furaha yetu haikuwa kamili. Kijana mmoja alikuwa amenyimwa beji juma lile, naye hakusema neno njia nzima. Moto aliweza kuuwasha, mafundo aliyajua, dira aliisoma; hata hivyo kiongozi wake alimwambia, "Bado." Sisi wazazi tuliona ameonewa, tukanong'ona hivyo garini.

Kwanza tulikwenda kuiona Paxtu, nyumba ndogo alimokaa Baden-Powell tangu mwaka 1938 hata alipofariki tarehe 8 Januari 1941. Huyu ndiye aliyepiga kambi na vijana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha kuwaongoza Skauti. Hapo nje mwalimu aliwaketisha vijana, akawaeleza daraja zilizopangwa siku zile.

Kijana aliingia kama mgeni, ambaye nyayo zake bado ni laini kwa safari. Alitakiwa kujua Sheria ya Skauti, ishara na mafundo machache. Daraja la pili halikupatikana kabla ya kutumika mwezi mmoja. Ndipo alipowasha moto kwa njiti za kiberiti zisizozidi mbili, akapika robo ratili ya nyama na viazi viwili, akataja pande 16 za dira, akaenda maili moja kwa dakika 12, mara akikimbia, mara akitembea. Kwa daraja la kwanza aliogelea yadi 50, akasafiri maili 7 na kurudi, kisha akaandika habari za safari yake.

"Tena lilikuwapo sharti moja ambalo wengi hulisahau," mwalimu akasema. "Alipaswa kumleta mgeni aliyemfundisha yeye mwenyewe, hata naye aweze kuingia."

Yule kijana akainamisha kichwa. Baada ya kitambo akasema, "Kiongozi aliniambia hayo hayo. Mimi nimefundishwa mengi, lakini sijamfundisha mtu." Sisi wazazi tukatazamana kwa haya, kwa maana tulikuwa tumemhukumu kiongozi bila kumwuliza.

Siku hizi mpango umebadilika. Katika Kenya wadogo huitwa Sungura, kisha Chipukizi, kisha Mwamba, na vijana wakubwa ni Jasiri. Majina hayo hufuata umri. Mtoto hukua hata akiwa amelala, lakini beji humngojea mpaka afanye kazi yake.

Jioni tulikwenda makaburini, kwenye kanisa la Mtakatifu Petro, alikozikwa Baden-Powell. Juu ya jiwe limechorwa duara lenye nukta katikati. Skauti huiweka alama hiyo njiani, na maana yake ni, "Nimekwenda nyumbani." Tukawaza kwamba mtu yule, aliyeitwa Skauti Mkuu wa Ulimwengu, ameandikiwa kaburini alama ambayo hata mgeni wa kikosi huweza kuisoma.

Tulipogeuka, yule kijana alikuwa amepiga magoti majanini pamoja na mdogo wao wote, akimshikisha kamba. Fundo likafunguka, wakalirudia. Likafunguka tena, wakalirudia. Hatukuwaharakisha, ingawa giza lilikuwa likiingia.

Basi, enyi wazazi na walimu, mtoto akirudi nyumbani bila beji, tusikimbilie kugombana na kiongozi. Na tumwulize mtoto kwanza: Je, umemfundisha nani?