Safari za Jumanne

Kufikia Desemba 2023 nilikuwa nimeandika kuhusu miji 41 ambayo sijawahi kukanyaga. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha tangu niache chuo mwaka wa tatu, karo iliposhinda watu wa nyumbani. Mteja aliye Uingereza au Marekani ananitumia kichwa, labda mambo 10 ya kufanya Lisbon ukiwa na watoto, nami nikiwa kwa keja yangu Kapsoya naandika vile tramu inapanda mlima na vile samaki wa kuchoma ananukia jioni. Nalipwa kwa idadi ya maneno. Jina langu halionekani popote. Ukiniuliza vile unatoka uwanja wa ndege wa Lisbon hadi katikati ya mji, nitakuambia hata kabla umalize swali. Lakini ukiniuliza ukishuka Bonde la Kerio kwa miguu unapitia wapi, wakati huo ningebaki nikikuangalia tu. Na nimezaliwa Uasin Gishu.

Aliyeuliza swali hilo ni mpenzi wangu. Ni msichana wa Nandi Hills, anauza dawa kwa famasi moja hapa mjini, na off yake ni Jumanne. Tukakubaliana kwamba mwaka wa 2024 tutaenda mahali kila mwezi, na tukaweka masharti matatu. Kwanza, kila mtu anaweka shilingi 1,500 kwa mwezi kwenye laini ya zamani ambayo hatuitumii kwa kitu kingine, na PIN anaijua yeye pekee. Pili, tunaenda Jumanne, mvua au jua. Tatu, sitauzia mteja yeyote hizo safari hadi mwaka uishe. Mwaka umeisha, ndiyo maana unasoma hii.

Mamangu alipopata habari aliuliza swali moja. "Unatembea-tembea hivyo, nani amekufukuza?"

Si mzaha. Kwa mama, kusafiri ni Januari 2008. Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa tunaishi Burnt Forest, kwa shamba la kukodi, na uchaguzi ukaharibika, na tukatoka usiku na godoro moja. Tulilala kwa hema kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret pamoja na maelfu ya watu wengine. Baadaye mama alipata chumba Langas, akaanza kuuza mboga, na tangu wakati huo amesafiri kwa mazishi pekee. Kitu kimoja alichonifundisha kwenye lile hema ni kwamba mtu usiyemjua akikuuliza jina, unampa la kwanza na unaachia hapo. Jina langu la kwanza linatoka kwenye Biblia, halina kwao. La pili na la tatu yanaeleza babu yangu alitoka wapi, na kwa sehemu hii ya nchi kuna miaka ambayo watu wanataka sana kujua.

Kwa hivyo unaelewa kwamba tukianza na Iten, Januari, sikuwa nimebeba chapati na maji peke yake.

Iten si mbali, hata saa moja haiishi ukiwa kwa matatu. Unapita lango lenye maandishi kwamba umefika nyumbani kwa mabingwa, na kweli kabla hujanyoosha miguu kundi la wakimbiaji linakupita kama upepo. Mji uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, baridi ya asubuhi inauma masikio. Kisha unatembea kidogo na nchi inakatika. Hakuna mteremko wa kukuandaa. Umesimama kwenye ukingo, na bonde lote liko chini yako, zaidi ya mita elfu moja kwenda chini, na ng'ambo kule milima ya Tugen imekaa kama mgongo wa mnyama aliyelala. Tulishuka upande wa Kessup. Kila nusu saa unavua nguo moja. Juu ulikuwa na jaketi, katikati una shati, na tukaanza kuona miti yenye miiba na mbuzi.

Njiani mzee mmoja alitusimamisha. "Mmepotea?"

"Hapana mzee, tunatembea tu."

Alifikiria hilo jibu. "Mnatafuta shamba?"

Mpenzi wangu akacheka, akamwambia kwa Kinandi kwamba hata pesa za soda tunahesabu. Mzee akacheka pia. Kisha akanigeukia akaniuliza naitwa nani. Nikatoa jina la kwanza. Akangoja. Nikainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Tukiendelea kushuka mpenzi wangu hakusema kitu kwa muda mrefu, halafu akasema, "Yule alikuwa anauliza tu." Nikamwambia najua. Na nilijua kweli. Lakini mwili una masomo yake.

Februari tulienda Kaptagat. Tulikuwa tumepanga msitu na mandazi, ikawa safari ya aina nyingine. Usiku wa tarehe 11 Kelvin Kiptum alikuwa amefariki kwa ajali ya gari kwenye barabara hiyo ya kwenda Kaptagat. Miezi minne tu kabla, alikuwa amekimbia marathoni ya Chicago kwa 2:00:35, rekodi ya dunia. Alizaliwa 1999, mwaka wangu. Tulifika siku chache baada ya mazishi. Tulitembea kwenye barabara ya vumbi kati ya misonobari, wakimbiaji wakipita wawili wawili, na hakuna aliyekuwa akiongea. Mpenzi wangu alisema kitu nimekibeba tangu siku hiyo: watu huku kwetu wanaahirisha maisha hadi pesa ipatikane, na yule alipata pesa na rekodi na bado siku zake zilikuwa hizo tu.

Machi ikawa zamu ya Saiwa Swamp, karibu na Kitale. Ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kilomita tatu za mraba hivi, na gari haliingii. Unatembea kwenye njia za mbao juu ya kinamasi, unapanda vibanda vya mbao, unanyamaza. Mnyama wa hapo ni nzohe, swala anayeishi kwenye matope. Kwato zake ni ndefu na zimepanuka ili asizame. Tulingoja masaa mawili. Alipotokea kwenye mafunjo, majike wawili wakimfuata, mpenzi wangu alinifinya mkono hadi ukaniuma. Hatukupiga picha. Simu zilikuwa kwenye begi na hakuna aliyetaka kusonga.

Aprili na Mei mvua zilifurika nchi nzima, watu wakafa, barabara zikakatika. Kuna Jumanne tulienda hadi steji tukarudi. Pesa zilibaki kwenye laini.

Tarehe 25 Juni ilikuwa Jumanne. Kakamega ilikuwa imepangwa, lakini hiyo ni siku ambayo vijana waliingia barabarani nchi nzima kupinga Mswada wa Fedha, na Nairobi bunge likaingiliwa. Eldoret pia watu walijaa. Tulisimama pale kati ya watu wa rika letu waliokuwa wakisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Mama alipiga simu mara kumi na moja. "Fungeni mlango. Mimi nimeona hii kitu ikianza hivi hivi." Sikumbishia. Yeye ana 2008 yake, na jioni hiyo Nairobi vijana walikuwa wameuawa kwa risasi. Lakini asubuhi, kwenye ule umati, jamaa mmoja aliyenipa maji aliniuliza jina, nikampa yote matatu. Yalitoka yenyewe. Akasema, "Poa, mimi ni fulani," akaendelea kugawa maji.

Kakamega tulifika Julai. Wasomi wanasema huu msitu ni kipande kilichobaki cha ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo na Afrika Magharibi, na ukiingia unaamini, kwa sababu hauna harufu ya Kenya unayoijua. Mbega wanaruka juu na mikia yao meupe. Tulipanda kilima cha Lirhanda, tukaona handaki la watafuta dhahabu wa zamani, sasa limejaa popo. Agosti tulikaa nyumbani kwa makusudi. Tarehe 15 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, la tano nchini, na tukaamua kuitembelea kama wageni. Mji ulioanza kama shamba nambari 64, ndiyo maana wazee bado wanauita Sisibo. Jiji, lakini Sosiani bado imejaa plastiki.

Septemba tulivuka mpaka Suam kwenda Sipi, upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Ndiyo safari yetu pekee ya nje, na hatukuhitaji pasipoti, kitambulisho tu kinatosha. Ofisa alisoma majina yangu yote kwa sauti, akaandika, akasema karibu Uganda. Pale nilikuwa Mkenya, basi. Maporomoko ni matatu, kubwa lao linaanguka karibu mita mia moja, na ukisimama chini unalowa kabla hujalifikia. Lakini kilichomshangaza mwenzangu ni watu. Wasabiny wanaongea lugha ambayo ni ndugu ya lugha yake. Mama aliyetuuzia kahawa alisema kitu kwa mwanawe, na mpenzi wangu akajibu kabla ya mtoto. Wakaangaliana, wakaanza kulinganisha maneno: maziwa, ng'ombe, mvua. Mimi ndiye nilikuwa mgeni peke yangu, na nilifurahi kuketi pale bila kuelewa.

Pwani hatukufika. Pesa zilikataa. Kwa mwaka mzima tuliweka 36,000, na mjomba wake alipozisikia aliuliza, "Hizo za kuzurura si zingekuwa ng'ombe?" Alikuwa anazungumzia koito, siku ambayo watu wangu wanapaswa kwenda kwao kujitambulisha na kuongea mahari. Hesabu yake si mbaya. Ni ng'ombe mmoja, labda. Lakini ng'ombe hakuwa shida peke yake. Shida ilikuwa kwamba watu wangu ni mama, na mama hakuwa anapanda matatu kwenda kwa watu asiowajua, hasa huko.

Jumanne ya pili ya Desemba mpenzi wangu alichagua Burnt Forest. Haifiki hata kilomita 50 kutoka mjini, ndiyo safari fupi kuliko nyingi za mwaka ule, na mimi sikuwahi kurudi. Hakuniomba mimi nimwalike mama. Alienda Langas mwenyewe, akaketi kwenye kibanda cha mboga, sijui waliongea nini. Asubuhi hiyo mama alikuwa steji kabla yetu, amevaa koti la kanisa.

Shamba tulilokodi limepandwa viazi. Nyumba haipo. Mama alisimama kwenye ua, akahesabu kwa kidole: jiko lilikuwa pale, choo pale, mti wa plamu pale. Mwanamke mmoja alitoka nyumba ya jirani, akamwangalia sana. Akamuuliza, "Wewe si mama yule wa mboga?" Wakashikana mikono, hawakukumbatiana. "Ulienda wapi?"

"Mjini," mama akasema. Miaka 16, na hilo ndilo jibu.

Tulikaribishwa ndani, tukapewa mursik kwenye vikombe vya plastiki. Mama, ambaye hanywi mursik, alikunywa nusu. Yule mwanamke akauliza huyu msichana ni nani. "Ni wa kijana wangu," mama akasema. "Ni wa Nandi Hills." Yule mwanamke akageukia mpenzi wangu, wakaanza kuongea kwa lugha yao, na mama akaendelea kushika kikombe chake. Njiani tukirudi hakusema mengi. Alilala kwenye dirisha.

Sitakuambia kwamba mambo yameisha. Uchaguzi mwingine ni 2027, na najua mama ataanza kuhesabu miezi. Lakini wiki iliyopita nilimwambia kwamba wajomba wametoa siku ya koito, Januari, Jumamosi. Aliuliza ni matatu za wapi zinaenda Nandi Hills, na ya kwanza inatoka saa ngapi.